Siri ya mwanafunzi huishia wapi?

Ualimu wa ushauri nasaha nilipewa kwenye kikao cha walimu, kipengele cha mengineyo. Mkuu wa shule aliuliza nani hana jukumu la ziada. Akaniona mimi, mwalimu wa Biolojia, nisiyesimamia jiko wala timu ya netiboli. "Basi madam atatusaidia ushauri na malezi." Wenzangu wakapiga makofi haraka haraka, maana saa ya chakula ilikuwa imepita. Mafunzo hayakuwepo. Ofisi ilikuwepo: kijichumba cha maboksi ya chaki na vitabu vilivyoliwa na mchwa, mlango wake ukitazamana na mlango wa mwalimu wa nidhamu.

Mlango ule ulinifundisha mengi. Mwanafunzi akiingia kwangu, kila aliyekaa kwenye benchi chini ya mwembe anamwona. Akitoka macho mekundu, kengele ya chai haijalia bado, tayari kuna mtu ananiuliza, "Yule vipi, mimba?" Halafu kulikuwa na daftari. Nilitakiwa niandike jina, kidato, tatizo na hatua zilizochukuliwa, na mkuu alilipitia kila mwisho wa muhula. Watoto si wajinga. Waliokuja kwangu walikuja na shida zinazoandikika: ada, viatu, taulo za kike, Hesabu haziingii. Zile nyingine zilibaki bwenini.

Siku hizi habari za afya ya akili shuleni zimepamba moto. Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tunaletewa fulana na mabango, anakuja mgeni rasmi, wanafunzi wanaimba ngonjera. Sibezi. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na limekuwa likieleza kwamba nusu ya matatizo haya huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14 au hapo hapo. Miaka 14 kwetu ni kidato cha kwanza. Ni mtoto anayeshuka kwenye basi na tranka lake, godoro kichwani, mama yake akihesabu nauli ya kurudi. Kama kuna mahali pa kumfundisha kijana habari za akili yake, basi ni pale. Ila kila ninaposikia mradi mpya, kabla sijauliza wanafundisha nini, nauliza nani anafundisha, na mtoto akifungua kinywa maneno yake yanakwenda wapi.

Wengi wameshasikia kisa cha Kashasha, kwa sababu mtandaoni kinasimuliwa kama kichekesho. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Wengine ilikuwa saa chache, wengine siku kadhaa, na aliyechukua muda mrefu kuliko wote alifika siku 16. Watoto walirudishwa makwao, jambo likaenda nao. Kijijini Nshamba, kulikokuwa na nyumbani kwa baadhi yao, watu 217 wakapatwa katika miezi ya Aprili na Mei. Shule ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, ikafungwa tena kabla Juni haijaisha.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na mwaka 1963 wakachapisha ripoti. Walipima damu, wakatazama chakula, wakatafuta sumu na vimelea. Hawakukuta kitu. Nikisoma kisa hiki mimi sioni kichekesho. Kicheko kilikuwa kinachanganyika na kilio, wasichana walikuwa wanakimbia ovyo, wakishikwa wanapigana, na baadhi walisema wanahisi kuna mtu anawafukuza. Kuna jambo jingine ambalo wasimuliaji hulipita: walimu walikuwa watano, na hakuna hata mmoja aliyepatwa. Walikuwa shuleni pale pale, na watoto wale wale. Kilichowapata watoto kiliwachagua walio chini ya kengele.

Karibu kila shule ya bweni ya wasichana nchini ina toleo lake la Kashasha, ila sisi hatucheki, tunaanguka. Magazeti huandika "wanafunzi wakumbwa na mapepo." Kwetu ilikuwa wiki ya kuelekea mock. Msichana mmoja aliangukia darasani wakati wa prepo, akapiga kelele, akafuata wa pili, ikawa kama mvua. Usiku ule bweni zima halikulala. Asubuhi akaletwa mchungaji, mchana shehe, ubani ukafukizwa hadi stoo ya mahindi. Mimi ni mtu wa Tanga, sitaki kubishana na mtu habari za majini. Nilichoona ni kwamba majini yale yalikuwa na ratiba inayofanana sana na ratiba ya mitihani.

Baadaye, mambo yalipotulia, mmoja wa walioanguka alinikuta maabara nikisafisha slaidi. Nilimuuliza anaendeleaje, akasema salama. Kisha, akiwa anatazama sinki, akasema: "Madam, ukianguka hawakuulizi kwa nini."

Nimelitafakari neno lile kuliko vitabu vyote nilivyosoma baadaye. Mtoto akisema amechoka, ni mvivu. Akisema hataki kula, anaringa. Akilia, anaulizwa sababu, na sababu inaandikwa kwenye daftari. Pepo halina daftari. Ukishikwa na pepo huna kosa, wenzako wanakukumbatia, mama yako anapigiwa simu, unapewa ruhusa ya wiki mbili. Katika shule nzima hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kusema "nimezidiwa" bila kujibu maswali.

Sasa tuje kwenye hiyo miradi. Kuna utafiti mmoja wa Ulaya ambao ningeulazimisha usomwe kwenye kila kikao cha wakuu wa shule. Uliongozwa na Danuta Wasserman wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, ukachapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2015. Walichukua shule 168 katika nchi 10 za Umoja wa Ulaya, wanafunzi 11,110 wa umri wa miaka kumi na mitano hivi, na kuzigawa shule kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi la kwanza, walimu na wafanyakazi wengine wa shule walifundishwa kumtambua mwanafunzi aliye hatarini na kumpeleka kwa wataalamu. La pili, wanafunzi walijaza dodoso, na walioonekana wana dalili wakaitwa na wataalamu. La tatu, wanafunzi wenyewe walipewa jumla ya saa tano hivi ndani ya mwezi mmoja: mihadhara miwili, kijitabu cha kwenda nacho nyumbani, na zaidi ya nusu ya muda wote wakiigiza. Waliigiza ugomvi na mzazi, rafiki anayejitenga, maamuzi ya kukutana nayo mtaani, kisha wakayajadili wenyewe kwa wenyewe. Kundi la nne lilibandikiwa mabango ukutani, basi.

Baada ya mwaka mmoja waliangalia wangapi walijaribu kujiua tangu utafiti uanze. Katika shule za mabango walikuwa 34, sawa na asilimia 1.51. Katika shule ambako wanafunzi waliigiza na kujadiliana walikuwa 14, asilimia 0.70. Waliokuwa na mawazo mazito ya kujiua walipungua karibu kwa nusu vilevile. Na zile shule ambako walimu ndio walifundishwa kuwa macho? Hakukuwa na tofauti ya maana na mabango. Dodoso nalo, hivyo hivyo.

Mwalimu mwenzangu alipoyasikia hayo alichukia kidogo, akaona kama walimu wametukanwa. Sidhani. Mwalimu anaweza kufundishwa dalili zote akazikariri, lakini bado ni yeye aliyeshika kalamu nyekundu, ndiye anayeandika barua ya tabia, ndiye anayekaa meza moja na mwalimu wa nidhamu. Mtoto anamjua hivyo kabla hajamjua kama mshauri. Kwetu kuna na sheria juu yake: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Mwanafunzi wangu hakijui kifungu, lakini anajua kwamba jirani yao alitolewa hospitali akapelekwa kituoni. Mtoto huyo unamwambia afunguke kwa mwalimu?

Tukiwa Kenya hapo hapo, kuna mradi unaoitwa Shamiri, ulioanzishwa na Mkenya Tom Osborn na wenzake alipokuwa mwanafunzi Harvard. Walianzia Kibera mwaka 2018 kwa majaribio madogo. Mwaka uliofuata wakafanya utafiti kamili katika shule nne za sekondari za Nairobi na Kiambu, kwa wanafunzi 413 wenye dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au wasiwasi uliozidi. Ukisoma mpango wenyewe unaweza kuudharau: vikao vinne tu, saa moja kila wiki, baada ya masomo. Wanasoma hadithi fupi za vijana wenzao, wanaandika, wanazungumza. Mada ni kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, ni kushukuru, na ni kuyajua yale unayoyathamini na kuishi kwayo. Hakuna anayeulizwa "una ugonjwa gani." Waliotoa vikao hivyo hawakuwa madaktari wala walimu. Walikuwa vijana wa umri wa karibu miaka 20, waliomaliza sekondari juzi tu, wakafundishwa kwa muda mfupi na kusimamiwa na watu wenye utaalamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la JAMA Psychiatry: dalili zilipungua zaidi kwa waliopitia vikao hivyo kuliko kwa kundi la kulinganisha, na miezi saba baadaye tofauti ilikuwa bado ipo.

Haya si maajabu. Dalili zenyewe hupimwa kwa dodoso, na dodoso la kijana aliyeamka vibaya leo si lile la kesho. Lakini mtu wa miaka 19 akikaa kwenye duara na mtu wa miaka 16, hana fimbo, hana alama za kumpa, hatamwona mstarini kesho asubuhi. Muhula ukiisha anaondoka na aliyoyasikia. Kwa mtoto wa bweni huo ni usalama ambao ofisi yangu haikuweza kuutoa hata ningesomea ushauri miaka mitatu.

Uingereza walijaribu njia nyingine. Waliwafunza walimu, nao wakawafundisha wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 mazoezi ya kutulia na kuituliza akili, shule 85, wanafunzi zaidi ya 8,000. Matokeo yakatoka 2022: hawakuwa na nafuu yoyote zaidi ya wale waliosoma masomo yao ya kawaida ya stadi za maisha, na wengi hawakuyafanya mazoezi hayo nyumbani hata mara moja moja. Sishangai. Ukishakifanya kitu kuwa kipindi, chenye mwalimu na ubao, mwanafunzi anakipa kile anachokipa kipindi.

Huko kwao sasa kuna mjadala mwingine, ulioletwa na Lucy Foulkes na Jack Andrews mwaka 2023: kwamba pengine kuwahubiria vijana wote kila siku habari za magonjwa ya akili kunawafanya baadhi yao waione huzuni ya kawaida kama ugonjwa. Ni hoja ya kusikilizwa. Kwetu tatizo liko upande wa pili wa mto. Watoto wao wana majina mengi mno, wetu wana mawili: ana mapepo, au ni wa Mirembe. (Watu wa Dodoma mnisamehe. Hospitali yenu imefanya kazi kubwa ya kutibu, nasi tumeigeuza tusi.) Kwa hiyo kufundisha majina kuna faida yake, na hapo walimu wana nafasi. Stan Kutcher na wenzake kutoka Kanada waliwafunza walimu wa sekondari Arusha mtaala wa kuyaelewa magonjwa ya akili, ripoti ikachapishwa 2016, na walimu wale walitoka na ujuzi zaidi na unyanyapaa kidogo. Mwalimu anayejua kwamba sonona si uvivu atamchapa mtoto mmoja pungufu.

Nimetaja kuchapa, na nisingeweza kuandika makala hii bila kulifikia. Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara bado vinaruhusiwa kwa masharti: visizidi vinne, viandikwe kitabuni, atoe mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi. Aliyesoma sekondari ya hapa anajua masharti hayo yanaishi wapi. Sasa unaleta mradi wa afya ya akili Jumatano, mtoto anafundishwa kwamba hisia zake zina maana, na Alhamisi asubuhi anapigishwa magoti kwenye changarawe kwa kuchelewa namba. Somo lipi litakaa?

Mtafiti Mabula Nkuba na wenzake walifanya utafiti katika shule nane za sekondari za serikali hapa Tanzania, wakawafunza walimu wa baadhi ya shule hizo namna ya kusimamia darasa bila kupiga wala kutukana, na kwa matokeo waliyochapisha 2018 ukatili wa walimu ulipungua. Uganda, wilayani Luwero, shule za msingi 42 ziliingia kwenye utafiti wa mpango wa kuibadilisha shule nzima. Miezi 18 baadaye ukatili wa kupigwa na wafanyakazi wa shule ulikuwa umeshuka kwa asilimia 42. Watoto walijisikia salama zaidi shuleni. Ila vipimo vya afya ya akili havikuonyesha tofauti. Nilipenda kwamba watafiti waliliandika hilo waziwazi. Mimi nalisoma hivi: kuacha kumpiga mtoto ni deni tunalomlipa, si tiba. Anayehitaji mtu wa kuzungumza naye bado anamhitaji, hata mgongo ukiwa hauna alama.

Niseme na la heri. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wamiliki wa shule waliochapisha mabango ya barabarani walinuna. Mimi, niliyewahi kukaa na wasichana wanaoamshwa saa tisa usiku ili shule ipande kutoka ya kumi na nane hadi ya kumi na mbili kimkoa, nilifurahi. Wizara haikuliita hilo programu ya afya ya akili, lakini limefanya kazi yake.

Kama ningeulizwa tuanzie wapi, ningesema tuna rasilimali tunayoiacha ikae barazani. Vijana wa kidato cha sita humaliza mitihani Mei, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Baadhi huenda JKT. Waliobaki wanafundisha tuisheni, wanauza duka la shangazi, wanashinda na simu. Umri wao ni ule ule wa vijana wa Nairobi na Kiambu. Wengi wamelala kwenye mabweni haya haya na wanajua maana ya namba, ya uji wa saa nne na ya barua ya kumwita mzazi. Wafunzwe, wasimamiwe na mtaalamu wa hospitali ya wilaya au ya mkoa, wasipelekwe shule waliyosoma, wapewe nauli na posho ya kueleweka. Akisikia jambo zito, kwa mfano mtoto anayefikiria kujiua au anayeguswa vibaya na mtu mzima, asibaki nalo peke yake. Awe na namba ya msimamizi wake anayepokea simu, na msimamizi awe na daktari au muuguzi wa akili wa kumpelekea mtoto. Bila mnyororo huo ningependa mradi usianze kabisa, maana kumfungua mtoto kinywa halafu usiwe na pa kumpeleka ni kumwongezea.

Na mwalimu wa ushauri? Abaki. Kazi yake iwe kumwombea mtoto ruhusa, kuzungumza na mzazi, kumzuilia mwalimu wa zamu. Hizo ni kazi za mwalimu, na tunaziweza.

Najua kitakachokwamisha. Hakitakuwa hela, maana wafadhili wa fulana wapo. Ni ile saa moja ya wiki. Mwalimu wa taaluma wa shule ninayofundisha sasa ameshaniambia jioni zote zina remedial, Jumamosi kuna majaribio, Ijumaa kuna dini. Nikamweleza jambo ambalo watu hulisahau kwenye utafiti ule wa Kenya. Kundi la kulinganisha halikuachwa likae bure: nao walikutana saa moja kila wiki, kwenye duara, na kijana wa umri ule ule, ila wao walifundishwa mbinu za kusoma, kupanga ratiba na kuandika notisi. Dalili zao nazo zilipungua, ingawa si kwa kiwango cha wenzao. Kwa hiyo akitaka tuanze na hilo la mbinu za kusoma, liandikwe kwenye ratiba kwa jina hilo, na mgeni wa miaka 19 aingie darasani bila mimi wala yeye, sina kipingamizi. Amesema atalifikiria baada ya mock.